Mama Mkwe Nyuma ya Pazia la Magunia

Kabla hamjanicheka, niwaambie kwamba mikono hii yangu imelisha watoto wachanga wengi wa Kisumu kuliko mikono ya mama yeyote mnayemjua. Mimi ni mwanamume, nina ndevu, na kwa zaidi ya miaka kumi kazi yangu ilikuwa kupika chakula cha watoto wasio na meno. Wenzangu wa rika walikuwa makarani wa reli na wavuvi wa Dunga. Mimi nilikuwa mpishi wa uji, na kwenye baa karibu na soko waliniita Mama Uji. Mwaka wa kwanza nilikasirika. Mwaka wa pili nilizoea. Mwaka wa tatu wale wale walianza kuniletea watoto wao waliokataa kula, wamevuta kofia hadi kwenye nyusi ili wasijulikane, na hapo zamu ya kucheka ikawa yangu.

Nawaandikia nyinyi wasichana na wavulana mnaosomea kazi ya kulea watoto. Mjukuu wangu ameniambia siku hizi uji mnaupika kwa kusoma maandishi nyuma ya pakiti, na ndizi mnaziponda kwa mashine ya umeme. Sawa, sina ugomvi na umeme. Lakini pakiti haina ulimi wala mashine haionji, na mimi nataka kuwaeleza juu ya kuonja, jambo lililokaribia kuniua kwa aibu.

Kazi niliianza katika nyumba ya familia moja ya Kihindi mjini Kisumu, Uhuru ukiwa unakaribia. Niliajiriwa kufagia na kuosha vyombo. Mwenye nyumba tulimwita Mama Kanta, mwanamke mfupi aliyevaa bangili nyingi. Bangili zikilia, yuko mbali. Zikinyamaza, ujue amesimama nyuma yako anakuangalia. Siku moja yaya hakuja, nikaambiwa nimpikie mtoto wa miezi tisa mchele na ndengu zilizokobolewa, vyote katika sufuria moja, hadi vilainike kabisa. Nilipoona chakula kinakaribia kuiva bila pilipili, nilimhurumia yule mtoto. Nikamkatia moja, ndogo tu, ya kijani.

Alilia hadi majirani wa ng'ambo ya barabara wakaja kuuliza nani amekufa. Mama Kanta alinishika sikio, mimi kijana mzima ninayetafuta mke.

"Wewe napika kwa ulimi yako!" akasema. "Mtoto iko na ulimi yake!"

Nilidhani nimefukuzwa. Badala yake, kuanzia siku ile aliniweka jikoni akanifundisha. Chukua chakula kidogo kati ya dole gumba na kidole cha pili, usugue. Ukihisi chembe hata moja, rudisha motoni. Tone moja liweke ndani ya kifundo cha mkono, mahali ngozi ni laini. Likikuuma wewe, litamchoma yeye. Na uonje. Kila siku uonje, hata kama chakula hicho umekipika mara elfu. Familia ile ilipofunga mizigo na kuhama, Mama Kanta aliniandikia barua ya kunisifu kwamba ninajua sana kupikia watu wasio na meno. Nilitembea na barua hiyo mjini mwezi mzima, na kila mwajiri aliyeisoma aliniuliza kama nimetoka kufanya kazi kwa wazee.

Aliyeielewa ni Sista Nyambura, muuguzi aliyesimamia kliniki ndogo ya watoto upande wa kuelekea Dunga. Nyuma ya kliniki kulikuwa na nyumba ya akina mama. Aliyekuwa na mtoto aliyedhoofu kwa kukosa chakula cha kumfaa alikaa hapo wiki mbili tatu, na kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao ilikuwa lazima apike siku tatu mfululizo, kwa mikono yake, mbele ya mpishi. Sista alikuwa mkali sana kwa sheria hiyo. Alisema ukimpa mama chakula kilichopikwa, unamlisha mtoto wiki mbili, halafu anarudi nyumbani na ujinga ule ule aliokuja nao.

Sista alitoka Nyeri. Aliamini omena, wale dagaa wa ziwani, kwa akili yake yote, maana ilikuwa rahisi kupatikana na iliwajenga watoto, lakini pua yake haikuamini. Kwao alikokulia samaki na nyoka walihesabiwa ndugu. Akiingia jikoni kwangu alifunika pua kwa leso na kuzungumza kama mtu mwenye mafua.

Niwape siri ya omena hapa hapa, msije mkasema mzee alipiga porojo tu. Omena iliyokaushwa juani ina mchanga. Iloweke kwa maji ya moto, ioshe mara tatu, ianike tena. Kisha ikaange kavu, bila mafuta, kwa moto mdogo, hadi ukiikunja inakatika kwa sauti. Itwange kwenye kinu, uchekeche kwa kitambaa. Vijiko viwili vya unga wa wimbi, kimoja cha omena, nusu ya njugu zilizosagwa. Koroga kwanza kwa maji baridi, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka, la sivyo utapata mabonge. Na uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Uji unaomiminika kama chai ni wa kupokelea wageni, mtoto hukojoa wote akabaki na njaa yake.

Nasisitiza kinu, kwa sababu niliwahi kuona uvivu wa kutwanga. Nikabeba debe zima la omena hadi kwenye mashine ya kusaga mahindi pale sokoni, nikamdanganya kijana wa mashine kwamba ni mtama wa aina mpya. Kwa muda wa siku nne, kila ugali uliosongwa mtaa ule ulinuka ziwa. Waluo walilalamika kidogo tu, wengine waliona wameokoa mboga. Lakini Sista Nyambura alikuwa amesaga kilo kumi za mahindi yake baada yangu. Alikula vijiko viwili vya uji asubuhi, akaja kazini macho mekundu, akaniuliza, "Umenifanyia nini?" Mwenye mashine naye alinikimbiza na fimbo hadi karibu na stesheni ya reli. Kwa hiyo twangeni.

Sasa nije kwa mama mkwe.

Jina lake sitalitaja hata leo. Ni mama yake Akinyi, mke wangu. Nyinyi mliozaliwa kwenye estate huenda hamjui tulivyoishi na wakwe. Mwanamume wa Kijaluo hashikani mkono na mama mkwe. Hakai karibu naye. Hali mbele yake, wala yeye hali mbele yako. Na chakula cha chungu chako hakiguswi na mdomo wake mpaka yafanyike mambo ya heshima baina ya nyumba mbili, nasi tulikuwa hatujayafanya. Heshima hiyo niliipenda, maana mama mkwe huyo ulimi wake ulikuwa mkali na umbali ulinifaa. Tena kulikuwa na jambo jingine. Nilipooa, nilimwambia kwamba mimi ni karani wa kliniki.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nimevaa aproni ya Akinyi yenye maua, nakoroga uji wa watoto kumi na mmoja. Nikatazama dirishani, nikaona mwanamke mrefu anaingia langoni na mtoto mgongoni. Ile shingo niliijua. Nilitupa mwiko nikaanguka nyuma ya magunia ya unga.

Sista akaingia akifuata harufu ya kuungua. "Kwani umeona nyoka?"

"Sista, nimeona mama mkwe."

"Si umsalimie, basi?"

"Siwezi. Nimeshika mwiko. Tena yeye anajua mimi ni karani."

"Karani wa nini?"

"Wa hii kliniki."

Sista akaitazama aproni yenye maua, akanitazama mimi. "Haya, karani," akasema, "toka hapo chini, uji inaungua."

Kicheko kilituishia alipompima mtoto. Alikuwa Omondi, mtoto wa shemeji yangu, hajatimiza miaka miwili. Mama yake alikuwa amejifungua tena, Omondi akaachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi yake, huyu huyu mama mkwe wangu, huko Uyoma, karibu na Luanda Kotieno. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, uso umekuwa wa mzee aliyechoshwa na watu. Bibi alimlisha uji mwepesi wa muhogo, asubuhi na jioni. Na huyo bibi, sikilizeni, kazi yake ilikuwa kukausha na kuuza omena. Alikaa kati ya magunia ya omena akimkoroga mtoto muhogo, kwa sababu aliambiwa samaki huwapa watoto minyoo. Sikumlaumu. Alikuwa amefanya alilolijua, kwa upendo wote.

Lakini hata huo muhogo Omondi alikuwa ameuacha tangu wakiwa njiani. Sista alimtilia maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, nusu yakatoka. Alinivuta pembeni. "Huyu asipoanza kula mpaka Ijumaa, mimi sijui kama atafika Jumatatu," akaniambia, na hakuwa na leso puani.

Nikamwomba anitoe jikoni siku tatu tu, aweke mtu mwingine.

"Nani? Mimi? Nishike hiyo samaki?"

"Basi mama asipike mbele yangu."

"Wote wanapika mbele yako. Huyu akirudi Uyoma bila kujua, tumefanya nini?"

Ndipo tukashona magunia manne ya unga, tukayatundika kwenye waya katikati ya jikoni. Mama mkwe upande wa dirisha na jiko lake, mimi upande wa mlango na langu, Sista amesimama mwisho wa pazia ili apeleke maneno huku na huku. Dholuo cha Sista kilikuwa cha salamu na cha kuuliza mtoto ameharisha mara ngapi. Mimi na mama mkwe tulikuwa hatua mbili tu, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri kabisa, kwa Dholuo chetu wenyewe.

"Sista," ningesema kwa sauti, "mwambie mama akaange kwa moto mdogo."

"Mama, umesikia?" Sista angesema.

"Mwambie Sista," ingejibu sauti upande wa pili, "amwambie mtu huyo kwamba nilianza kukaanga omena kabla baba yake hajaoa. Halafu amuulize, karani huwa anavaa maua niliyoyaona dirishani?"

Sista alielewa neno moja tu, lile la karani, na lilimtosha. Alitoka nje akacheka akishikilia ukuta.

Siku hiyo ya kwanza, Jumatano, mama mkwe alipika. Sista akamwambia aonje. "Nimeshiba," akajibu. Mimi nyuma ya gunia nilijua ana maana gani. Sufuria ni ya mkwe, unga ni wa mkwe. Tangu afike alikuwa hajatia kitu chetu mdomoni, alikula muhogo aliokuja nao kwenye kitambaa, akijificha nyuma ya nyumba ya akina mama. Akampa Omondi kijiko, Omondi akafunga mdomo. Mabaki yalipoletwa upande wangu nilionja, nikakohoa, maana chumvi ilikuwa ya kuhifadhi samaki mbuta mzima.

"Mwambie Sista," ikaja sauti, "mtu wa upande ule nimemsikia akimeza."

Alhamisi nilimwelekeza chumvi kwa sauti, kiasi cha kushika kwa vidole viwili tu. Ili asinisikie nikimeza, nilibeba bakuli hadi nyuma ya choo, nikaonja huko nimesimama mwenyewe na nzi. Ulikuwa uji mzuri. Mama mkwe alikuwa na mkono wa kupika kunishinda, ingawa mbele yake nisingekubali. Na Omondi akakataa tena. Alifunga midomo, akageuza uso ukutani. Mama mkwe alisema unga wangu una dawa za hospitali. Mimi nikasema kwa Sista kwamba labda mtoto amerithi ukaidi wa upande fulani. Tulirushiana maneno juu ya pazia hadi Sista akapiga sufuria kwa mwiko na kutuambia kwa Kikuyu jambo ambalo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Ijumaa sikuwa na mzaha. Asubuhi Sista alikuwa amempima tena, akaandika, akafunga daftari bila kuniambia kitu. Mama mkwe alipika kimya. Uji ukaiva, akaupoza, akampakata mtoto. Mimi nikafanya jambo lisilofaa, nikaweka jicho kwenye tundu la gunia.

Niliona kijiko kikija. Niliona Omondi akikitazama kijiko, na pua yake ikicheza. Alitaka, wanangu. Kisha akainua macho akautazama mdomo wa bibi yake. Akautazama kwa muda mrefu. Mdomo ule haukufanya chochote. Basi na yeye akafunga wake.

Kijiko kikaja mara ya pili. Macho yakaenda kwa kijiko, yakapanda kwa mdomo wa bibi, yakashuka. Akafunga.

Hapo nikaelewa. Mtoto huyu hakuwahi kula peke yake maishani mwake. Kwao bibi huchota, hula yeye kwanza, ndipo humpa. Na sasa siku tatu amewekewa vijiko na mtu ambaye yeye mwenyewe hali. Omondi alikuwa akingoja bibi aanze, na bibi hakuweza kuanza kwa ajili yangu. Heshima yetu ndiyo iliyokuwa ikimfunga mdomo.

Ningemwambia mama mkwe, "Kula chakula cha chungu changu"? Hilo ni tusi. Afadhali ningempiga kofi. Na mimi nikila mbele yake, wazee wa Uyoma wangenizungumza hadi niingie kaburini, na shemeji zangu walikuwa watu wakubwa wenye mikono mizito. Nawaambia ukweli, niliogopa. Nilisimama pale na aproni yangu nikiwaza kwanza sifa yangu, na hadi leo naona haya kwamba niliiwaza.

Kisha nikalivuta pazia. Waya ulikuwa mbovu, magunia yote manne yakaanguka na vumbi la unga likatufunika sote. Sista alipiga kelele. Mama mkwe aligeuza uso haraka, akavuta leso ya kichwa ikafunika jicho moja. Nilipiga magoti sakafuni, mbali kiasi cha mkono, nikachukua kijiko kingine, nikachota kwenye bakuli la mtoto, nikala. Nilitafuna kitu kisichotafunwa, ili mdomo uonekane vizuri.

Omondi alinitazama. Hakunijua, hakunijali. Akamgeukia bibi yake.



"Sista," mama mkwe akasema, jicho lake likiwa dirishani, "mwambie mtu huyu amekula mbele yangu."

"Nimekula, Mama," nikasema. "Mtoto anakungoja wewe."

 Aliushusha uso akamtazama Omondi, na yeye pia akaona yale macho yalikoelekea. Nilimwona akielewa.  Akachota kijiko cha chungu cha mkwe. Akakiweka mdomoni. Akameza mbele yangu, na machozi yakamtoka, na mimi pia yalinitoka, ila mimi nilikuwa na unga usoni na yalionekana zaidi.

Akameza tena, sasa akifikiri. Nyusi zikakutana.

"Sista," akasema, "mwambie mtu huyu omena yake ameiunguza."

Akachota cha tatu. Alipokisogeza kwa Omondi, mdomo ulikuwa wazi tayari.

Alikula vijiko vitano. Kimoja kwa bibi, kimoja kwake, hivyo hivyo, bila haraka. Sista alisimama katikati yetu, hakufunika pua, akihesabu kwa vidole. Kilipofika cha tano akasema, "Basi, Mama. Tumbo yake imesahau kazi, tusiichoshe." Akaondoa bakuli.

Omondi akalitazama bakuli likienda. Uso wake wa mzee ukakunjamana, akavuta pumzi, akalia. Alilia kwa sauti ya juu, ya hasira, hadi watoto wengine kumi na mmoja wa nyumba ya akina mama wakaitikia. Nilimnyoshea mikono nimbembeleze.

"Mwache alie," mama mkwe akasema. "Analilia chakula."

Kisha akanitazama usoni, macho yote mawili, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mwongezee kimoja," akaniambia.

Nikamwongezea.